Chuma Kilichopinda Bila Kuguswa: Dalili za Mkazo wa Ndani na Namna ya Kuzifuatilia

Malalamiko yanayoletwa na karakana za Tanga, kuanzia Ngamiani na Gofu hadi Pongwe na mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe, yana sura chache zinazojirudia. Shafti ilikuwa imenyooka, ikakatwa mfereji wa kii (kipande kinachofunga gurudumu au puli kwenye shafti), ikapinda. Kiungo cha kuchomelea kilikaguliwa jioni kikaonekana safi, asubuhi kina ufa. Shafti ya korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ilijazwa kwa kuchomelea, sasa imekatika tena, kando kidogo tu ya pale palipojazwa. Hukumu inayotoka papo hapo huwa moja: chuma feki. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi chuma chenyewe hakina hatia. Kilichomo ndani yake ndicho kilichofanya kazi.

Kipande chochote kilichovutwa, kukunjwa, kuchomelewa au kupozwa upesi hubaki na mkazo ndani yake hata kikiwa kimelala juu ya meza bila mzigo. Sehemu moja inavuta, nyingine inabana, na zote zinasawazishana, ndiyo maana huoni kitu. Ukiondoa chuma upande mmoja, usawa ule unavunjika na kipande kinahama mpaka kipate usawa mwingine.

Hesabu yake si ngumu, na kila fundi anastahili kuijua. Chuma laini cha urefu wa meta 1 kikipata joto la nyuzi 100 zaidi, kinarefuka kwa milimita 1.2 hivi. Kikizuiwa kusogea, kila nyuzi moja inazaa mkazo wa takriban megapaskali 2.4. Chuma laini cha kawaida huanza kupinda kusikorudi kwenye megapaskali 250 hivi. Kwa hiyo tofauti ya nyuzi 100 na ushei tu, ikizuiwa, inatosha kukifikisha kwenye kikomo chake. Sasa fikiria kiungo cha kuchomelea kilichoanza kikiwa kimeyeyuka, zaidi ya nyuzi 1,400, kikapoa huku kimeshikwa na chuma baridi pande zote. Karibu kila kiungo kisichopikwa tanurini baada ya kuchomelewa kina mkazo wa kuvuta unaokaribia kikomo cha chuma chenyewe.

Kabla ya kushuka kwenye dalili, ombi moja kwa kila atakayekuta kipande kimevunjika au kimepinda: kisinyooshwe, kisikatwe kwa gesi, wala nyuso zake zilizovunjika zisikutanishwe kuona kama "zinaingiana". Piga picha kilivyo, weka alama upande uliokuwa juu na upande uliokuwa wa injini. Ukaushe uso uliovunjika, uupake mafuta safi, uufunge kwenye nailoni. Kwa hewa yetu ya pwani, usiku mmoja wa kutu unafuta ushahidi ambao hakuna maabara itakayoweza kuurudisha.

DALILI YA KWANZA: Shafti au bamba limepinda baada ya kukerezwa au kukatwa mfereji

Anza na mambo mepesi. Je, lilikuwa limenyooka kabla? Watu wengi hawakupima, walitazama kwa jicho. Weka shafti juu ya vitalu viwili vya V, izungushe chini ya geji ya saa, uandike namba kila sentimita 10. Kumbuka kwamba geji inaonyesha mara mbili ya upindo wenyewe: sindano ikicheza milimita 0.4, upindo ni milimita 0.2. Kisha legeza vishikizo vyote na upime upya. Kama kipande kilikuwa sawa kikiwa kimebanwa kwenye mashine na kikapinda kilipoachiwa, umeshapata nusu ya jibu.

Sababu inayoongoza ni nondo ya kung'aa, ile inayokuja laini na yenye kipimo tayari. Imevutwa ikiwa baridi kupitia tundu, na uso wake umebaki na mkazo wa kuvuta huku moyo wake ukibanwa. Ukikata mfereji wa kii upande mmoja, umeondoa sehemu ya uso unaovuta, na shafti inatuna upande huohuo wa mfereji. Hiyo ndiyo alama ya kutambulisha: mfereji ukiwa juu ya mgongo wa upindo, usitafute mchawi mwingine.

Sababu ya pili ni shafti iliyokwisha nyooshwa kwa presi, ama na muuzaji ama na karakana iliyotangulia. Kunyoosha kwa baridi hakuondoi mkazo, kunaongeza mwingine wa kupingana nao. Shafti kama hiyo inaweza kukaa sawa dukani, halafu ikarudia upindo wake ikikerezwa au ikikaa kwenye mtikisiko wa mashine. Ya tatu ni joto la ukataji wenyewe: kisu butu, maji ya kupozea hayafiki, chuma kinatoka na rangi ya bluu. Mwisho kabisa ndipo pa kushuku ubovu wa nondo.

Marekebisho hutegemea uko wapi. Kama kazi haijaanza, nunua chuma kilichoviringishwa kwa joto badala ya nondo ya kung'aa, hasa kwa shafti ndefu na nyembamba. Kata ukali kwanza, acha milimita 1 au 2, achilia vishikizo, kiache kihame kinavyotaka, ndipo umalizie. Mifereji ikiwa miwili, ikatwe pande zinazotazamana, kidogo huku kidogo kule. Shafti yenye thamani ipikwe kupunguza mkazo baada ya ukataji wa kwanza, ila ujue kwamba nondo iliyovutwa baridi inapopikwa hupoteza sehemu ya ugumu iliyoupata kwa kuvutwa. Aliyehesabu unene wa shafti kwa ugumu ule lazima aulizwe kwanza.

Simama hapa: shafti ya pampu kubwa, ya feni ya kiwandani au ya kitu chochote kinachozunguka kwa kasi isinyooshwe kwa presi wala kwa moto wa gesi kisha ikarudishwa kazini bila mhandisi kuikagua. Itanyooka kwa geji na itaficha mkazo usioujua.

DALILI YA PILI: Fremu imejikunja baada ya kuchomelewa, au imetoka sawa lakini mashine haikai juu yake

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuchomelea kupita kiasi. Kiungo cha pembe chenye mguu wa milimita 6 kina eneo la milimita za mraba 18. Ukikifanya milimita 9 "kiwe na nguvu zaidi", eneo linakuwa 40.5. Umeweka chuma cha moto mara mbili na robo, na mkunjo unafuata. Pima miguu ya viungo kabla ya kulaumu mpangilio.

Baada ya hapo angalia mpangilio: je, fundi alichomelea upande mmoja moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho? Kisha angalia kingo za bamba. Bamba refu jembamba lililokatwa kwa gesi upande mmoja hujikunja kabla hata ya kuona rodi, na aliyelibana kwa nguvu likae sawa ameshaweka mkazo wa kwanza kabla ya kuwasha mashine.

Hapa pana jambo linalowapotosha hata mafundi hodari. Fremu iliyofungwa imara kwenye meza, ikatoka imenyooka, ina mkazo mwingi ndani kuliko ile iliyoachwa ijikunje kidogo. Kujikunja ni mkazo uliopata njia ya kutoka. Ndiyo maana kitako cha mota kinaweza kutoka kizuri, kikapelekwa kusawazishwa uso kwa mashine, na baada ya siku chache mguu mmoja wa mota hauketi. Kipimo chake ni rahisi: weka geji ya saa juu ya mguu, legeza boliti ya mguu huo peke yake. Sindano ikipanda zaidi ya milimita 0.05, mguu haukai. Rudia kwa kila mguu kabla ya kubadilisha beringi nyingine.

Dawa: viungo vifupi vya kurudi nyuma (kila kimoja kichomelewe kuelekea kilichotangulia), pande zibadilishwe, na kiungo kiwe kidogo kadiri hesabu inavyoruhusu. Kitako kitakachosawazishwa kwa mashine kipikwe kwanza, ndipo kisawazishwe. Kunyoosha kwa madoa ya moto kunawezekana kwenye chuma laini, lakini joto lisizidi nyuzi 650, maana yake chuma kisivuke wekundu uliofifia, na kisimwagiwe maji kikiwa chekundu.

Simama hapa: mihimili ya winchi, ndoano na masikio ya kunyanyulia, chesi za malori, na chombo chochote cha mvuke au hewa ya shinikizo havinyooshwi kwa moto wa karakana. Vyombo vya shinikizo na vya kunyanyulia viko chini ya ukaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na mkaguzi aitwe kabla ya kazi. Akiitwa baada, kazi imeshafunika alichotakiwa kukiona.

DALILI YA TATU: Kiungo kilikuwa kizima jana, leo kina ufa

Hii ndiyo dalili inayonihangaisha zaidi, kwa sababu ukaguzi ulifanyika na karatasi ikasainiwa.

Tofautisha kwanza aina ya ufa. Ukipita katikati ya kiungo na ulionekana kikiwa bado cha moto, huo ni ufa wa joto, na habari yake ni ya uchafu wa chuma na umbo la kiungo. Ukiwa pembeni, pale kiungo kinapokutana na chuma cha asili, au chini yake kwa ndani, na umejitokeza baada ya saa kadhaa au hata siku mbili, mshukiwa ni haidrojeni. Inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka kutoka kwenye unyevu, inabaki imenaswa, na chuma kikipoa chini ya nyuzi 150 hivi inakusanyika pale palipo pagumu na panapovutwa. Yahitajika mambo matatu kwa pamoja: haidrojeni, chuma kilichogeuka kigumu, na mkazo wa kuvuta. Ondoa moja tu na ufa hautokei. Mkazo wa kuvuta ndio mgumu kuuondoa, kwa hiyo tunashambulia yale mawili mengine.

Kwa mtiririko wa yanayotokea sana, la kwanza ni rodi zenye unyevu. Rodi za 7018 (zile za haidrojeni kidogo) zilizofunguliwa na kuachwa wazi katika mji wa bahari hazifai kitu kwa kazi nzito. Hupikwa kwenye nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili, kisha hutunzwa ndani ya kisanduku cha joto hadi zitumike. Kisanduku chenye balbu kinazuia unyevu usiingie, hakiutoi ulioingia. Na si kila rodi hupikwa hivyo: 6010 ukiipika umeiharibu, na 6013 ina maelekezo yake kwenye boksi.

La pili ni chuma kisichojulikana. Reli ya zamani, ekseli ya lori, springi: vyote hivi vina kaboni nyingi, na vikipozwa upesi ukanda ulio kando ya kiungo unakuwa mgumu kama kisu. Jaribu kwa grenda: chuma laini hutoa cheche ndefu zenye matawi machache, chuma cha kaboni nyingi hutoa vishada vingi vinavyolipuka. Jaribu kwa tupa kando ya kiungo: ikiteleza bila kung'ata, hapo pamekuwa pagumu. La tatu ni unene bila joto la awali, yaani bila kupashwa kabla ya kuchomelewa. Bamba nene hunyonya joto upesi hata kama chuma chake ni cha kawaida. Kutu, rangi na grisi vinafuata, navyo vinaleta haidrojeni vilevile.

Ufa huu haufunikwi. Utoe wote kwa grenda, pitisha rangi ya kupenya (inayoingia kwenye nyufa na kuzionyesha) uhakikishe umeisha, pasha joto eneo lote (kwa vyuma vingi vya kaboni ya kati, nyuzi 150 hadi 250, upimwe kwa kalamu ya joto), chomelea kwa rodi kavu, kisha shikilia joto la nyuzi 250 hivi kwa saa mbili ili haidrojeni itoke. Ukaguzi wa mwisho usubiri saa 48. Najua mteja anasubiri na gari limewashwa nje. Saa 48 zina sababu yake, na anayezifuta aandike pia jina lake kwenye karatasi ya dhamana.

DALILI YA NNE: Shafti iliyojazwa kwa kuchomelea inakatika tena, palepale au jirani

Mkoa huu uliishi kwa mkonge tangu mbegu zake zilipoletwa mwaka 1893, na korona zake zimefundisha mafundi wengi ukerezaji. Ngoma ya korona inazunguka kwa kasi, visu vyake vinapiga majani bila kupumzika, na maji ya mkonge yana tindikali inayokula chuma. Kiti cha beringi kikilika, njia rahisi ni kukijaza kwa rodi na kukereza upya. Kazi inatoka inang'aa, beringi inaingia vizuri, mashine inapiga kazi. Halafu shafti inakatika.

Soma uso uliovunjika kabla ya kufanya lolote. Ukiona sehemu laini yenye mistari ya mviringo inayopanuka kutoka nukta moja, na sehemu ndogo ya mwisho yenye chembe mbaya, huo ni uchovu wa chuma. Ufa ulikuwa unatembea muda mrefu, na chuma kilikatika kilipobaki kidogo. Tafuta mistari inaanzia wapi.

Ikianzia ukingoni mwa kiungo, sababu kuu ni mkazo wa kuvuta ulioachwa na uchomeleaji, ukiongezwa juu ya mzigo wa kila mzunguko. Shafti inayozunguka hupata kuvutwa na kubanwa kwa zamu. Ukiwapo mkazo wa kudumu wa kuvuta, kila zamu ya kuvutwa inazidi na ile ya kubanwa inapungua, na ufa unapata nafasi ya kufunguka. Ikianzia kwenye kona kali ya bega la shafti, kona ndiyo ya kwanza kulaumiwa. Mara nyingi vyote viwili viko mahali pamoja, kwa sababu fundi huishilizia kiungo hasa kwenye bega. Baada ya hapo ndipo huja shafti zisizolingana, ngoma isiyo na uwiano, na uso uliochomwa na jiwe la kusagia. Huo wa mwisho hauonekani kwa macho: usagaji wa pupa unaacha ngozi nyembamba yenye mkazo wa kuvuta, wakati mwingine na nyufa ndogo kama wavu.

Maoni yangu ni kwamba kiti cha beringi kisijazwe kwa arki kama kuna njia nyingine. Bomba la kuvalishwa juu ya shafti iliyokerezwa, au kunyunyizia chuma, vinaacha mkazo mdogo zaidi, ingawa chuma kilichonyunyizwa hurudisha kipimo tu na hakiongezi nguvu. Ikilazimu kuchomelea, pasha shafti joto, badilisha pande ili isipinde, usimalizie kwenye bega, ipoe polepole ndani ya jivu au chokaa kavu, ipikwe kupunguza mkazo, kisha kona ya bega ipewe mviringo mpana. Uso ukiviringishwa kwa rola ngumu au kupigwa kwa chembe za chuma, unapata mkazo wa kubana, na mkazo wa kubana unafumba mdomo wa ufa kabla haujafunguka. Hii ni kazi ambayo karakana yenye lethi nzuri inaweza kuifanya hapahapa Tanga, na inasikitisha inavyofanywa mara chache.

Wanaodhani kiungo kidogo hakina madhara wakumbuke Alexander L. Kielland, jukwaa la wafanyakazi wa mafuta kwenye Bahari ya Kaskazini. Tarehe 27 Machi 1980 lilipinduka na watu 123 wakafa. Ufa ulianzia kwenye kiungo cha pembe cha milimita 6 kilichoshikilia kishikizo cha kifaa cha kusikilizia majini, kitu ambacho hakikuhusika kabisa na kubeba jukwaa.

Simama hapa: chochote kinachozunguka ambacho kikikatika kitaruka, na kila shafti ambayo imeshakatika mara ya pili. Mara ya pili si ya fundi tena, ni ya uchunguzi.

DALILI YA TANO: Tangi au bomba la stenlesi linatoa madoa, au linavuja kando ya kiungo

Madoa ya kahawia peke yake kwa kawaida si ufa. Brashi ya waya au jiwe la grenda lililotumika kwenye chuma cha kawaida limeacha vumbi la chuma juu ya stenlesi, na vumbi hilo linashika kutu. Safisha, tenga vifaa, basi.

Mvujo ni habari nyingine. Stenlesi za kawaida, 304 na 316, hupasuka zikikutana na chumvi, joto na mkazo wa kuvuta kwa wakati mmoja. Joto likizidi nyuzi 50 au 60 hatari inapanda sana. Chumvi hapa haihitaji kutafutwa: iko kwenye maji ya visima vya pwani, kwenye upepo, kwenye dawa za klorini za kusafishia, hata kwenye sufi ya kuzuia joto iliyolowa mvua. Mkazo unatoka kwenye kiungo, na stenlesi ni mbaya zaidi hapo: inatanuka kwa joto karibu mara moja na nusu ya chuma laini huku ikipitisha joto kwa shida. Ufa wake una matawi mengi. Pitisha rangi ya kupenya ukiwa umefungua sufi, usikague sehemu inayovuja tu.

Kuchomelea juu ya ufa huo ni kuufungulia njia. Kipande chote kikatwe na kubadilishwa. Wala usifikirie kulipika tangi kama unavyopika chuma cha kawaida, maana kukaa kwenye nyuzi 450 hadi 850 huharibu kinga ya stenlesi dhidi ya kutu kandokando ya viungo. Kama kuna mvuke au shinikizo ndani, zima, toa shinikizo, ondoa watu, ita mkaguzi.

DALILI YA SITA: Chuma cha kumimina kinapasuka kando ya kiraka

Kifupi: hakinyumbuki, kwa hiyo mkazo hauna pa kwenda ila kupasua. Kama si cha kubeba mzigo mkubwa, kiunge kwa shaba. Ukichomelea, chagua njia moja. Ama pasha kipande kizima na kukifukia kwenye chokaa kavu kipoe hadi kesho, ama tumia rodi za nikeli kwa viungo vifupi vya sentimita 2 au 3, ukigonga kila kimoja kwa nyundo ndogo kikiwa bado cha moto na kungoja kipoe hadi kishikike kwa mkono. Mafundi wengi huchanganya njia hizi mbili, na mchanganyiko ndio unaopasua. Toboa tundu mwisho wa kila ufa kabla ya kuanza.

DALILI YA SABA: Kipande kilipikwa tanurini na bado kinahama

Uliza kipimajoto kilikuwa wapi. Mara nyingi kilikuwa ukutani mwa tanuri, si kwenye chuma. Chuma cha kaboni hupikwa kwenye nyuzi 550 hadi 650, saa moja kwa kila milimita 25 za unene, na saa inaanza kuhesabiwa chuma chenyewe kinapofika joto hilo. Pili, uliza kilitolewa lini. Kikitolewa chekundu na kuwekwa sakafuni kwenye upepo, mkazo mpya umeingia pale ule wa zamani ulipotoka. Kipoe ndani ya tanuri hadi nyuzi 300 hivi. Tatu, kilikuwa kimelalia nini? Shafti ndefu iliyoshikwa ncha mbili tu inalegea kwa uzito wake yenyewe.

Kupasha kwa mdomo wa gesi huku na huko hakuhesabiki kama kupika. Njia ya kutikisa kwa mtambo wa mtikisiko ina wanaoisifu, nami naikubali kwa kutuliza vipimo vya baadhi ya fremu kabla ya kukerezwa, lakini haichukui nafasi ya tanuri pale ufa au haidrojeni inapohusika.

DALILI YA NANE: Vipimo vya watafiti havikubaliani, au jibu lililorudi halisaidii kiwanda

Hii huwahusu zaidi walio kati ya kiwanda na maabara, na ndipo ushirikiano mwingi unapokufa.

Namba mbili zikitofautiana, kwanza angalia kila moja ilipimwa kwa kina gani. Mionzi ya eksirei ya maabara inasoma ngozi tu ya chuma, karibu sehemu moja ya mia ya milimita. Njia ya tundu hutoboa tundu la milimita 2 hivi katikati ya vihisi vilivyobandikwa na kusoma chuma kinavyolegea hadi kina cha milimita 1 hivi. Kipande kilichosagwa kinaweza kuwa na mkazo wa kuvuta kwenye ngozi na wa kubana chini yake, na maabara zote mbili zikawa zimesema kweli. Pili, uliza kama uso ulisafishwa kwa grenda kabla ya kupimwa, kwa sababu kama ni hivyo, umepima grenda. Tatu, mkazo unapokaribia kikomo cha chuma, tundu lenyewe linakilegeza chuma kando yake na kipimo kinatia chumvi. Kando ya viungo hili hutokea sana.

Kwa kina cha sentimita kadhaa hakuna mbadala rahisi wa mionzi ya nyutroni, inayopenya ndani sana, na kwa bara letu kifaa cha kazi hiyo kiko Pelindaba, Afrika Kusini, kwenye kinu cha nyuklia cha SAFARI-1. Njia nyingine, iliyochapishwa na Michael Prime wa maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 2001, hukata kipande kwa waya unaokula chuma kwa cheche za umeme na kupima jinsi uso uliokatwa ulivyoinuka na kubonyea, kisha hesabu hurudisha ramani ya mkazo. Inaua kipande, lakini inatoa picha ya sehemu yote iliyokatwa. Vifaa vya eksirei vikiletwa kiwandani, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki kitangulie.

Jibu lisilosaidia mara nyingi linaanzia kwenye sampuli. Kiwanda kinaficha historia ya kipande kwa kuogopa siri zake kutoka, au mtu wa stoo amekikata kwa gesi kiingie kwenye gari. Mkataba wa siri uandikwe mapema, kurasa mbili zinatosha, ili fundi aruhusiwe kusema ukweli kuhusu rodi, joto na zamu. Na watafiti nao wafike sakafuni. Fundi aliyeshika tochi siku ile anajua jambo ambalo halimo kwenye faili lolote, na hatalisema kwa barua pepe.

Tena, wasiende wakiwa na jibu mfukoni. Meli ya mafuta Schenectady ilipopasuka karibu vipande viwili ikiwa imetulia gatini Portland, Marekani, Januari 1943, mkazo wa uchomeleaji ulishukiwa mara moja. Uchunguzi wa meli za wakati ule ulielekeza lawama zaidi kwenye chuma kilichokosa ushupavu kwenye baridi, kona kali na dosari za viungo. Mkazo wa ndani huwa na washirika. Pima ugumu, pima kemikali ya chuma, soma uso uliovunjika, kisha ndipo useme.

Sampuli ikatwe kwa msumeno wenye maji ya kupozea, mbali na ufa angalau mara mbili ya unene wa kipande, na vipimo vya umbo vichukuliwe kabla na baada ya kukata, maana kukata kwenyewe kunaachilia mkazo. Kwenye kibandiko ziandikwe: tarehe ya kutengenezwa na ya kuvunjika, aina ya chuma kama cheti kipo, rodi iliyotumika, joto la awali, kama kilipikwa, saa za kazi kwa siku, na jina la zamu iliyokikuta. Kibandiko kifungwe kwa waya. Gundi haishiki kwenye mafuta.